Kutembea Bila pa Kwenda

Siku mliyoniaga mlinikatia keki yenye sukari ya kutosha kuiletea idara wagonjwa wapya mwaka mzima, kisha mkanipa kadi iliyoandikwa "Sasa pumzika, mwaitu," yaani mama kwa Kikamba. Kadi hiyo nimeiweka juu ya kabati ili niitazame kila ninapotaka kukasirika. Maisha yangu yote ya kazi, kule Kitui kusini na baadaye hapa Makueni, nimelipwa kuwaambia wazee wasipumzike. Nimewanyang'anya vigoda, nimewatoa vitandani, nimegombana na watoto wao. Halafu nyinyi, wataalamu wa viungo wenye vyeti ukutani, mnaniambia nipumzike! Angalau viatu vya michezo mlivyoninunulia vilinitosha, na habari yake nitaifikia.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mliobaki na vile vitanda vinavyolia na ile mikanda ya raba. Mambo ya vyeo sitayagusa. Katika kazi yetu aliyepanda cheo ni yule aliyeacha kushika wagonjwa, na mimi nimewashika mpaka mwisho.

Nilianzia katika hospitali ya misheni upande wa kusini mwa Kitui, mahali pakavu ambapo mbuzi waliingia hadi kwenye foleni na hakuna aliyewauliza kadi. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe, na kifaa changu kipya cha kupimia mikunjo ya viungo. Mkuu wangu, Bwana Kilonzo, mtu mrefu asiyejua haraka, alivitazama vyote viwili akaniambia nivitundike ukutani. Akanituma sokoni nikakae chini niangalie wazee wanavyoinuka.

"Usimfundishe mtu kuinuka kama hujamwona akiinuka," alisema.

Nilikaa karibu na wauza ndengu asubuhi nzima, nikiwa nimenuna. Lakini nilijifunza. Bibi wa ndengu hainuki tu. Anageuka upande, anapiga goti moja, anashika gunia, anamlaumu mjukuu ambaye hata hayupo, ndipo anasimama. Nilidhani lawama ni tabia tu. Bwana Kilonzo akaniambia hapana, lawama ndiyo inayotoa pumzi wakati ule mgongo unapobeba mzigo. Tangu siku hiyo sijamzuia mgonjwa yeyote kulalamika wakati wa mazoezi, na mnajua wameitumia ruhusa hiyo vizuri.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mwenye maumivu ya nyonga. Nikamweleza kwa Kiswahili changu cha chuoni umuhimu wa mazoezi katika umri mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimebeba maji na mgongo tangu nikiwa msichana mdogo. Kuni nimebeba. Mawe ya matuta nimebeba. Sasa wewe na hiyo mikono ya kushika kalamu unaniambia nianze mazoezi?"

Nyuma ya pazia nilimsikia Bwana Kilonzo akicheka mpaka akakohoa. Baadaye alinieleza kwamba kazi huchagua misuli inayoitaka, ile mingine ikaiacha ikauke, na kwamba hiyo iliyokauka ndiyo humwangusha mtu uzeeni. "Atakuja kuelewa," akasema, "lakini usimwambie leo. Leo mwombe msamaha." Nikamwomba.

Vifaa vyetu mngevicheka. Uzito tulioufunga miguuni ulikuwa mchanga wa mtoni ulioshonewa ndani ya turubai na fundi wa nguo wa pale sokoni. Reli za kujifunzia kutembea zilikuwa mabomba mawili ya maji. Tulikuwa pia na ngazi fupi ya mbao iliyosimama katikati ya chumba, ya kupandia upande mmoja na kushukia upande wa pili. Mzee mmoja aliipanda kwa taabu, jasho likimtoka, akafika juu, akaangalia huku na huku. "Nimefika," akasema. "Sasa?" Swali hilo lilinifuata miaka yangu yote, na sehemu kubwa ya ninayowaandikia hapa ni jinsi nilivyotafuta jibu lake.

Kuanza mazoezi si kazi. Mtu yeyote aliyetishwa na daktari huanza, hasa wiki ile ya kwanza. Kazi ni kuendelea. Mzee hudumu na jambo lililofungwa kwenye jambo jingine alilokuwa nalo tangu zamani. Mimi niliwafungia wengi kwenye redio. Niliwaambia wakati wa matangazo ya vifo waketi kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, wainuke na kukaa mpaka matangazo yaishe. Hakuna mzee wa Ukambani anayekosa matangazo yale, na sijaona kitu kinachomwinua mtu kitini haraka kama kusikia jina la aliyesoma naye.

Nilipohamia Makueni nilikuta mazoezi yamekuwa mtindo. Kukawa na siku za afya, filimbi, na fulana ambazo hazikumtosha mtu yeyote mwenye tumbo. Mgeni rasmi mmoja alitoka ofisini kwa gari, akavuka barabara kwa gari, akashuka uwanjani kutuhubiria faida za kutembea, akarudi kwa gari. Tulipiga makofi. Kina mama wa kanisa moja walianzisha kikundi cha kurukaruka siku ya Alhamisi, lakini mazoezi yalitanguliwa na maombi na kufuatwa na chai na mandazi, na kadiri majuma yalivyopita maombi yalirefuka, mandazi yakaongezeka, na kuruka kukabaki ajenda ya mengineyo. Walimu wastaafu nao walinunua viatu vya kukimbilia vinavyong'aa, wakavivaa harusini.

Katika miaka hiyo ndipo nilipoletewa Mzee Nzioka wa Mbooni. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu aliyefika mbali kuliko wote niliowajua, tena akiwa ameketi. Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake la mlimani, akaendelea kuketi. Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe mkubwa, Mutua, alikuwa Nairobi. Wa pili, Kioko, alikuwa Mombasa, na mke wake Mumbua ndiye aliyebaki nyumbani akimtunza mzee. Kiharusi kilimpiga kidogo tu, kikamwachia mguu wa kushoto mzito na mdomo ulioinama. Mguu ule ungeweza kurudi kama angetembea kila siku. Asipotembea, nilijua mwisho wake, na yeye alijua zaidi: kaka yake alipatwa hivyohivyo, akakalishwa kwenye kiti, akatolewa kitini kwa ajili ya jeneza.

Nilimpa karatasi yetu ya mazoezi, ile mnayoigawa mpaka leo, yenye picha ya mtu amelala chali kwenye mkeka akinyanyua miguu juu. Mzee aliiangalia, akaipindua, akairudisha sawa.

"Nilale hivi?" akauliza. "Nyumbani? Na ni nani atanishika mguu?"

Mumbua, aliyekuwa amemleta, alikwisha kugeuza uso kuelekea dirishani. Kwetu kuna nthoni, ile heshima inayomfanya mke wa mwana asimtazame baba mkwe hata akila, sembuse akiwa chali miguu juu. Aliyeichora karatasi ile hakuwa na baba mkwe. Nikaikunja, nikamwambia mzee atembee tu, asubuhi na mapema, kutoka nyumbani mpaka barabarani na kurudi, fimbo mkono wa kulia.

Alirudi kliniki akiwa mnene kuliko alivyoondoka.

"Ulitembea?" nikamuuliza.

"Nilijaribu, daktari. Lakini wale vijana wa bodaboda wananiheshimu sana. Nikifika tu kwa njia, mmoja anasimama. 'Mzee, panda, siwezi kuacha wewe utembee na hiyo mguu.' Namwambia natembea tu. Anasema, 'Panda mzee, hata bure.' Sasa nitakataa heshima?"

Kumbe kila asubuhi alikuwa akipelekwa sokoni kwa pikipiki na kurudishwa kwa pikipiki, baada ya chai na mahamri mawili. Nikamkemea. Akaanza kukataa pikipiki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwenye milima ile kila unayekutana naye anakuuliza unaenda wapi, na swali hilo lazima lijibiwe. Ukisema unaenda kinuni, sawa. Ukisema unaenda kumwona mgonjwa, sawa. Lakini mzee mzima akisema anatembea tu, haendi popote, ana jambo anaficha. Wiki ya kwanza wakasema amechanganyikiwa. Wiki ya pili wakasema Mumbua hampi chakula, ndiyo maana anatanga asubuhi na mapema. Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa walifika pale nyumbani, wakaketi kwenye viti walivyoletewa na Mumbua, wakanywa chai ya Mumbua, wakaomba Mungu amlainishe Mumbua moyo.

Alikuja kwangu akilia. "Mimi nimechoka, daktari. Nampikia muthokoi, nampikia uji, na sasa mimi ndio mchawi. Heri akae."

Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa sababu alikuwa na haki na mzee angelemaa. Nikapanda mpaka Mbooni mwenyewe. Nikamwambia mzee, "Kama njia ya watu imekushinda, tembea kwako." Shamba lake limezungukwa na mikonge, mstari mmoja unaoteremka mpaka kijito na kupanda tena upande wa pili. Reli zetu za mabomba hazikufikia hata robo ya uzuri wa mteremko ule. Tukauzunguka pamoja, mguu wa kushoto ukiburuta. Na kwa kuwa dereva wa lori haachi tabia yake, kila mkonge aliofikia aliugonga kwa fimbo, kama alivyokuwa akigonga magurudumu kabla ya safari, kusikia kama yana upepo. Mimi nilifurahi. Kugonga kulimfanya asimame sawasawa juu ya ule mguu dhaifu. Nikamwambia asiache.

Sikufikiria, na hapa nawaambia mfikirie, mzee anayezunguka mpaka wake kila asubuhi akigonga alama moja moja anaonekanaje kwa majirani. Anaonekana anagawa shamba, au anauza.

Mutua, ambaye hakuwa ameonekana tangu baba yake atoke hospitali, alifika Jumamosi na unga, sukari, mafuta, na blanketi la maua. Kioko alifika Jumapili kutoka Mombasa na haluwa. Mkewe alishtuka kumwona kuliko alivyofurahi. Wote wawili walitaka kutembea na baba.

"Baba," Mutua akasema walipofika kijitoni, "hii upande ya avokado, ulikuwa unafikiria aje?"

"Nafikiria kutembea."

"Ndio, lakini baada ya kutembea?"

"Nafikiria uji."

Hakuna aliyeamini. Jumatatu Mutua alikuja hospitalini kwangu, amevaa tai, akakataa kuketi. "Daktari, ni wewe umemwambia mzee agawe shamba?"

"Nimemwambia atembee."

"Atembee kwa mpaka?"

"Kwani ulitaka atembee wapi, Nairobi kwako?"

Alisema baba yake amefanya kazi sana na sasa anahitaji kupumzika. Mnaona nilikotoa chuki yangu na neno hilo. Wiki ile ndugu wawili ambao hawakuwahi kuelewana hata juu ya rangi ya jeneza la mama yao walielewana juu ya kiti. Walimletea mzee kiti kikubwa cha kujilaza, chenye ngozi ya bandia na mkono wa kuvuta unaoinua miguu, kikapandishwa mlimani kwa pikapu, watoto wakikifuata. Mzee akawekwa humo barazani. Wana wakapiga picha, wakazituma kwenye kikundi cha familia, wakaondoka.

Alikosa kliniki, akakosa tena. Nilipopanda kumwona nilimkuta katika kiti kile, amefunikwa blanketi la maua. Nikamwambia anyanyue mguu wa kushoto. Ukanyanyuka kidogo, ukaanguka. Nilitaka kulia, kisha nikataka kukichoma kiti.

"Nikitembea wanagombana," akasema bila kunitazama. "Nikikaa wananyamaza."

"Wananyamaza wakiwa wapi, mzee?"

Akafikiri. Mumbua alikuwa akifagia uani, mgongo ametugeuzia kama inavyotakiwa, lakini ufagio ulikuwa umesimama.

"Wakiwa huko kwao," mzee akasema.

"Na ulipokuwa ukitembea?"

Kisha mdomo wake, upande ule mzima, ukaanza kupanda. Tangu augue sikuwa nimemwona akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha dereva anayemwona polisi wa barabarani amelala. Akaniomba fimbo, nikamwinua, tukajikokota mpaka mkonge wa kwanza.

Kilichofuata sikukiagiza mimi. Mumbua aliweka ufagio chini, akatoa simu, akampigia mumewe, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani akasema, "Baba Mwende, hujambo? Hapana, hakuna shida. Ni vile tu Baba ameinuka. Ndio. Ako kwa mpaka."

Hakusema uongo hata neno moja.

Tangu siku hiyo mzee hakukosa asubuhi, na wanawe hawakukosa mwisho wa mwezi. Wakati mwingine walikuja wote wawili, kila mmoja akichelea kumwacha mwenzake peke yake na baba karibu na avokado. Walipanda na kushuka mteremko ule wakihema, na mzee mbele, akigonga. Walimletea dawa zake bila kukumbushwa. Walijifunza kumshika mguu na kuunyoosha, kazi ambayo Mumbua asingeweza na mimi sikuwepo kuifanya. Tumbo la Mutua lilipungua. Presha ya Kioko ilishuka. Nimehudhuria semina nyingi za kuhamasisha familia kushiriki katika huduma ya mgonjwa, na hakuna hata moja iliyotaja tamaa, ambayo ndiyo iliyofanya kazi. Shamba halijagawanywa mpaka leo. Mzee bado anatembea, mguu unaburuta kidogo tu, na ndani ya kiti kile kuku wanataga.

Sasa nije kwenye viatu vyenu. Nyumbani kwangu ni nje kidogo ya Sultan Hamud, eneo dogo tambarare, mume wangu alinitangulia zamani. Magoti yangu yanajua kila ngazi niliyopanda na mgonjwa. Kwa hiyo nilijiandikia mazoezi mwenyewe, kwa ujuzi wote nilio nao, nikayaanza Jumatatu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshapata visingizio ambavyo hata wagonjwa wangu hawakuwahi kuvibuni. Upepo. Vumbi. Yule mtu wa mahindi niliyesema nitamsubiri. Nilipofungulia redio wakati wa matangazo ya vifo nilisikiliza nikiwa nimeketi, na uji mkononi.

Wanangu wako Nairobi. Wananipenda sana, kwa meseji. Kila Jumapili Ndinda hunitumia picha ya maua yenye mstari wa Biblia, na Muli hunitumia kidole gumba. Nikiwapigia husema, "Mum, si upumzike tu." Sikuwa nimejua nyumba inaweza kuwa kimya hivi wakati malori ya barabara ya Mombasa yanapita karibu. Hili nalisema wazi kwa sababu litawapata: hakuna anayeacha mazoezi kwa ajili ya magoti. Mtu huacha kwa sababu amefika juu ya ngazi na hakuna aliyepo pale.

Nilimpigia Mzee Nzioka kumsalimu. Akaniuliza kama natembea. Nikamwambia ukweli. Alinicheka bila huruma, kisha akasema, "Daktari, kwani wewe huna mpaka?"

Kesho yake nilivaa viatu vyenu na kuchukua fimbo ya marehemu. Mpaka wangu nao ni mikonge, na upande mmoja unapita nyuma ya jikoni kwa Mama Syombua, aliyemlea Muli mgongoni, ana namba yake ya simu, na hana redio kwa kuwa hajawahi kuihitaji. Nilizunguka. Kila mkonge niliufikia, nikaugonga. Aliponiuliza natafuta nini nilimwambia ukweli, kwamba natembea tu.

Jumamosi simu iliita. Tangu mlipoikata ile keki, ilikuwa mara ya kwanza iite bila mimi kuwa nimepiga kwanza.

"Mum," Muli akasema, "uko sawa? Nasikia unazunguka kwa mpaka?"

"Niko sawa."

"Unazunguka ya nini?"

"Natembea."

Nilisikia gari. "Niko njiani," akasema. "Nimeshapita mji wa Salama. Ndinda anakuja kesho."

Nikamwambia aje na viatu vya kutembelea. Kisha nikaweka maji ya chai jikoni, nikafunga kamba za viatu vyangu, nikatoka. Na nilipofika nyuma ya jikoni kwa Mama Syombua, niligonga kwa nguvu zaidi.